UZI: High Bridge ya New York, daraja la maji lenye koo jembamba

FundiMserereko (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, amani iwe kwenu.

Leo naomba tulizungumzie daraja la High Bridge, ambalo ndilo kongwe kuliko madaraja yote makubwa yaliyosalia katika jiji la New York. Linavuka Mto Harlem na kuunganisha Bronx na Manhattan. Wengi mnaoishi huku mmepita chini yake bila kulijua, kwa sababu barabara kuu zinapita kando ya mto pande zote mbili na dereva hana nafasi ya kutazama juu. Kabla ya kuhamia Bronx nilifanya kazi ya maji nyumbani Tanzania kwa miaka mingi, hasa miradi ya mserereko, yaani ya maji yanayoshuka yenyewe bila pampu, na siku niliyoliona kwa mara ya kwanza nilijua kwamba halikujengwa kwa ajili ya watu wala magari. Lilijengwa kama kivuko cha bomba, kikubwa na kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona.

Ujenzi wa mradi mzima ulianza mwaka 1837, mwaka uleule ambao Victoria alirithi kiti cha enzi cha Uingereza, na daraja lenyewe likaanza kupitisha maji mwaka 1848. Ni kazi ya zama zilezile ambazo miji ya Ulaya na Marekani ilikuwa ikifurika watu kuliko visima vyake vilivyoweza kuwanywesha.

Nianze na shida yenyewe. Kisiwa cha Manhattan kimezungukwa na maji ya chumvi, na visima vyake vilichafuliwa na vyoo, makaburi na viwanda vya ngozi. Mwaka 1799 ilianzishwa Manhattan Company, ambayo Aaron Burr alikuwa nyuma yake, kwa ahadi ya kuleta maji safi. Hata hivyo, sheria iliyoiunda ilikuwa na kipengele kilichoruhusu mtaji wa ziada utumike kwa shughuli nyingine, na kampuni ikafungua benki mwaka huohuo. Maji yakaletwa kidogo kidogo kupitia magogo yaliyotobolewa katikati, huku benki ikistawi. Mji ukaendelea na kiu. Mwaka 1832 kipindupindu kiliua watu wapatao 3,500. Usiku wa tarehe 16 Desemba 1835 moto mkubwa uliteketeza karibu majengo 700 katikati ya mji wa biashara, kwa kuwa baridi ilikuwa kali kiasi kwamba maji yaliganda ndani ya mipira ya wazimamoto. Wapiga kura walikuwa wameshaukubali mradi mpya wa maji miezi michache kabla ya moto huo, lakini baada ya moto hakuna aliyethubutu kusema uahirishwe.

Chanzo kilichochaguliwa kilikuwa Mto Croton, kaskazini mwa mji, umbali wa takriban kilomita 66. Mhandisi mkuu wa kwanza, David Bates Douglass, aliondolewa mwaka 1836, na nafasi yake ikachukuliwa na John B. Jervis. Nampenda sana mtu huyu. Hakusomea uhandisi chuoni. Alianza kazi mwaka 1817 kwenye Mfereji wa Erie akiwa kibarua wa kukata miti kwa shoka mbele ya wapimaji, akajifunza kupima kwa kuwatazama na kwa kusoma usiku, hadi akawa mmoja wa wahandisi wakubwa wa nchi yake.

Sasa tazameni alichokifanya. Kutoka bwawani hadi mjini, Jervis alijenga mfereji uliofunikwa, uliojengwa kwa matofali na mawe, wenye umbo linalofanana na kwato ya farasi, kimo chake mita 2.6 na upana wake mita 2.3. Mteremko wake ni wastani wa sentimita 21 kwa kila kilomita. Nyosheni mkono mpime shubiri moja, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho: huo ndio mteremko wa kilomita nzima. Nimepima miradi milimani kwetu ambako tuna mita mia za kuchezea na bado tunakosea. Yule bwana alikuwa na shubiri moja tu kwa kilomita, akaishika kwenye mabonde, vilima na mahandaki bila pampu hata moja. Mwezi Juni 1842, maji yalipoachiliwa kwa mara ya kwanza, mashua ndogo iliyoitwa Croton Maid ilipitishwa ndani ya mfereji ikiwa na watu wanne, ikielea gizani kuelekea mjini kwa takriban saa 22.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote kilikuwa Mto Harlem. Nitaendelea na hilo kwenye bandiko linalofuata.

FundiMserereko

Tuendelee.

Jervis alipofika Mto Harlem alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuyashusha maji kwa mabomba ya chuma hadi karibu na usawa wa mto, yavuke juu ya daraja fupi, kisha yapande upande wa pili kwa msukumo wao wenyewe. Ya pili ni kujenga daraja refu la mawe ambalo lingeyapitisha karibu na kimo kilekile cha mfereji. Yeye alipendekeza njia ya kwanza, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi na ingegharimu fedha kidogo sana kuliko daraja refu.

Wenye ardhi upande wa bara walikataa. Hoja yao ilikuwa kwamba daraja fupi lingefunga mto kwa vyombo vya majini, na hawakuwa watu wa maneno matupu: mwaka 1838 Lewis G. Morris alikodi meli, akaenda na watu wake hadi kwenye bwawa la Macomb lililokuwa limeziba mto huohuo, akadai njia, na alipokosa njia wakalibomoa. Mwaka 1839 bunge la jimbo likatoa sheria: ama lijengwe handaki chini ya mto, ama daraja ambalo matao yake ya mtoni yana upana usiopungua futi 80 na yameinuka futi 100 juu ya usawa wa maji yakijaa. Jervis akachagua daraja.

Hivyo ndivyo lilivyopata sura yake. Lilikuwa na matao 15 ya mawe, manane ya mtoni yenye upana wa mita 24 na saba ya nchi kavu yenye upana wa mita 15, urefu wa takriban mita 442, na njia ya juu ikiwa mita 43 hivi juu ya mto. Gharama yake ilikaribia dola milioni moja za wakati ule. Mtoni zilijengwa kwanza kuta za muda za kuzuia maji, yakatolewa, na pale ambapo mwamba ulikuwa chini mno zikapigwa nguzo za mbao kwenye tope ili mawe yapate pa kukaa. Sehemu iliyo juu ya matao haikujazwa kifusi bali iliachwa na uwazi ndani, ikishikiliwa na kuta za katikati, ili uzito upungue.

Jambo ambalo watu husahau ni kwamba mji haukulisubiri daraja. Jervis alilaza bomba la muda kuvuka mto, chini kabisa, na maji ya Croton yakaingia Manhattan kiangazi cha mwaka 1842. Tarehe 14 Oktoba mwaka huo watu walijaa barabarani kusherehekea, na chemchemi ya bustani ya City Hall ikarusha maji juu. Kwa miaka sita New York ilikunywa kupitia njia ya chini, ileile aina aliyoipendekeza mhandisi na bunge likaikataa.

MwalimuHisabati

Ndugu mleta uzi, ahsante kwa somo. Swali langu ni moja. Kama maji yalikwisha kufika kwa bomba la chini na mji ukaridhika, je, daraja halikuwa anasa? Sisi tunaolipa kodi tungeuliza kwa nini dola milioni moja zikatumika kupata kitu ambacho tayari kilikuwepo.

FundiMserereko

Mwalimu, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa kadiri ninavyoamini.

Bomba la muda lilikuwa moja tu, na lilikuwa chini kabisa, mtoni, ambako tope, barafu na nanga za vyombo vingeweza kulifikia. Bomba linaloshuka bondeni na kupanda tena lina maudhi mengine ambayo kila fundi wa mserereko anayajua: sehemu ya chini kabisa hubeba msukumo mkubwa kuliko zote, huko ndiko viungo vinavyoachia, na mchanga wote wa njiani hutua hukohuko. Bomba la juu linafikika. Unatembea juu yake, unalifungua, unalikarabati. Kwa hiyo sikubali kuliita daraja hili anasa.

Lakini kuna kosa lililofanyika ndani ya daraja hilo, na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Mfereji wa matofali unaotoka Croton una nafasi ya maji ya karibu mita 5 za mraba. Juu ya daraja, badala ya kuendeleza mfereji huo, Jervis aliweka mabomba mawili ya chuma cha kalibu yenye kipenyo cha sentimita 91 kila moja. Sababu yake ya kutumia chuma ilikuwa nzuri: mfereji wa matofali juu ya daraja ungevuja, na maji yakiingia kwenye mawe na kuganda wakati wa baridi huyapasua. Tatizo ni ukubwa. Mabomba hayo mawili yakijumlishwa yana nafasi ya mita 1.3 za mraba tu. Aliyalaza chini kidogo ya usawa wa mfereji ili maji yapite kwa msukumo na kuongeza kasi, na hilo lilisaidia, lakini halikuweza kufidia tofauti hiyo yote.

Fundi yeyote wa bomba anajua kwamba, kwa mteremko uleule, bomba lenye kipenyo mara mbili hupitisha maji zaidi ya mara tano, si mara mbili. Ndiyo maana bomba jembamba mahali pamoja huadhibu mtandao mzima. Daraja lililoonekana kwa macho kuwa kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya mradi lilikuwa, kwa maji yanayopita ndani, ndilo sehemu finyu kuliko zote. Lilikuwa koo.

Jervis hakuwa mjinga. Alikadiria matumizi ya mji alioujua, mji wa ndoo na pampu za mitaani. Alichokosa kukiona ni kwamba maji yakishaingia nyumbani, watu hubadilika: wanaweka bafu, wanaweka vyoo vya kuvuta maji, wanafua zaidi, na viwanda vinafuata nyuma yao.

Mwanakisauni

Shikamoo mzee FundiMserereko. Hili la koo limenigusa kwa sababu sisi Mombasa tunaliishi. Bomba la Mzima lililojengwa miaka ya 1950 linaleta maji kutoka chemchemi zilizoko Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200, nayo yanashuka kwa mteremko hadi pwani. Chemchemi zenyewe zina maji mengi kuliko yale ambayo bomba linaweza kubeba, na mji umekua mara nyingi tangu lilipolazwa. Nimesikia watu wakisema chanzo kimepungua, kumbe chanzo kipo, na njia ndiyo iliyobaki vilevile. Je, hao wa New York walifanyaje?

FundiMserereko

Marahaba, mwanangu. Umelisema vizuri kuliko nilivyolisema mimi.

Kati ya mwaka 1860 na 1864 walirudi darajani. Hawakulibomoa wala kujenga jingine pembeni. Waliinua kuta za pande zote mbili, kisha wakalaza bomba jipya la chuma cha kufua, lenye kipenyo cha karibu mita 2.3, juu ya yale mawili ya zamani. Hilo peke yake lina nafasi ya karibu mita 4 za mraba, yaani mara tatu ya yale mawili yakiunganishwa. Juu yake wakaweka njia ya kutembea iliyotandikwa matofali yaliyopangwa kwa kukingamana, kama msuko wa mkeka. Kwa hiyo daraja mnaloliona leo ni nene kwa juu kuliko lile la mwaka 1848, na unene huo wote ni bomba.

Lililowawezesha kufanya hivyo ni kwamba matao yalikuwa na nguvu ya kubeba nyongeza. Mawe yalipewa nafasi ya kukua ilhali mabomba hayakupewa. Na hapa naomba nitoe lililo moyoni. Niliwahi kufanya kazi kwenye mradi mmoja wa mserereko milimani, ambao sitautaja jina. Bomba kuu lilikuwa la inchi sita, la plastiki, lakini kwenye kivuko cha korongo moja aliyejenga aliweka bomba la chuma la inchi tatu, kwa kuwa ndilo lililokuwa stoo siku ile. Kwa miaka miwili vijiji vya chini vililalamika kwamba maji hayafiki, na kila aliyekuja kukagua alipanda moja kwa moja hadi chanzo, akakuta maji tele, akaondoka akisema wananchi wanachezea koki. Siku nilipopelekwa mimi, nilifuata bomba kwa miguu. Tangi la kupunguzia msukumo lililokuwa juu ya korongo lilikuwa linafurika mchana kutwa, nyasi kuzunguka tangi zikiwa mbichi kama bustani, na chini ya korongo bomba lile kubwa ukiligonga linalia kama debe tupu. Kina mama walikuwa wamepanga ndoo kwenye kituo cha maji tangu alfajiri. Tulibadilisha mita zisizozidi thelathini za bomba, na maji yakafika jioni ileile.

Ndiyo maana nikisimama High Bridge naona kwanza mabomba, halafu matao.

Dada_Bukoba

Ndugu yangu, uzi ni mzuri, ila hujawataja waliobeba mawe hayo wala waliohamishwa. Naomba usiwasahau.

FundiMserereko

Dada, umenikosoa kwa haki.

Maelfu ya vibarua waliofanya kazi kwenye mradi wa Croton walikuwa kwa sehemu kubwa wahamiaji kutoka Ireland, waliolipwa ujira mdogo wa siku na kuishi kwenye vibanda kando ya mtaro. Mwaka 1840 waligoma kwa ajili ya ujira na wanamgambo wakaitwa kuwatuliza. Waliohamishwa nao wapo. Maji yakishavuka High Bridge yalikwenda kwenye hifadhi kubwa ya kupokelea maji, mahali ambapo leo ni ndani ya Central Park, kisha kwenye hifadhi ya kugawia maji pale mtaa wa 42, ambapo leo ipo maktaba kuu ya jiji. Kando ya ile hifadhi ya kwanza palikuwa na Seneca Village, makazi ya Wamarekani weusi waliokuwa na nyumba, makanisa na shule yao wenyewe. Mwaka 1857 waliondolewa wote ili kupisha bustani hiyo. Bustani haikuwa sehemu ya mradi wa maji, lakini jirani wa hifadhi hiyo walikuwa wao, na ni haki watajwe.

MwalimuHisabati

Nimeridhika kuhusu mabomba. Sasa tueleze mnara ulio upande wa Manhattan, na lile tao la chuma ambalo halifanani na mengine.

FundiMserereko

Mnara ni wa mwaka 1872, na ulisanifiwa na Jervis huyohuyo. Sehemu za kaskazini za Manhattan ziko juu kuliko daraja, na mserereko haupandi mlima, kwa hiyo waliweka pampu za mvuke za kusukuma maji hadi kwenye hifadhi ya juu na kwenye tangi lililokuwa kileleni mwa mnara. Hifadhi hiyo leo ni bwawa la kuogelea la umma, na mnara bado umesimama.

Habari ya tao la chuma inanihuzunisha. Mwaka 1890 ulifunguliwa mfereji mpya wa Croton, unaopita kwenye handaki chini ya Mto Harlem, na kuanzia hapo daraja likawa msaidizi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia maji yalizuiwa kupita juu yake kwa hofu ya hujuma. Baada ya vita mamlaka za usafiri wa majini zikalalamika kwamba nguzo za mawe zinazuia meli, na jiji likafikiria kulibomoa lote. Ile sheria ya mwaka 1839 ilikuwa imehakikisha kimo, na kimo kilitosha hadi mwisho. Kilichokuja kupungua ni nafasi kati ya nguzo na nguzo. Wahandisi na wasanifu majengo walipinga ubomoaji, na ukafikiwa mwafaka: mwaka 1927 hadi 1928 matao matano ya mtoni yaliondolewa na nafasi yao ikachukuliwa na tao moja la feleji lenye upana wa takriban mita 137.

Nasema wazi kwamba kilichopotea ni kikubwa. Matao yale ya mtoni ndiyo yaliyokuwa magumu kuliko yote kujengwa, yale yaliyosimamishwa kwenye tope ndani ya kuta za muda, nayo ndiyo yaliyovunjwa. Hata hivyo, bila tao la feleji pasingebaki hata jiwe moja, na nawashukuru waliopigania kilichobaki.

Mwanakisauni

Je, leo maji bado yanapita?

FundiMserereko

Hapana. Maji yalikoma kupita katikati ya karne ya 20, na takriban mwaka 1970 njia ya waenda kwa miguu nayo ikafungwa. Wakazi wa pande zote mbili waliomba kwa miaka mingi ifunguliwe, na tarehe 9 Juni 2015 ikafunguliwa tena baada ya ukarabati uliogharimu zaidi ya dola milioni 60. Sasa ni ya watembea kwa miguu na baiskeli tu.

Kwa aliye karibu, nashauri aanzie upande wa Bronx, mtaa wa 170 Magharibi na University Avenue, asubuhi kabla jua halijawa kali. Kabla ya kupanda darajani, shuka kidogo utazame matao ya mawe kutoka chini, uone pale jiwe la mwisho linapokutana na feleji. Kisha panda, utembee juu ya matofali yale ya msuko wa mkeka. Bomba la mwaka 1864 bado limo chini ya miguu yako, tupu, na mtu mzima anaweza kusimama wima ndani yake bila kuinama.